Kisigino Kilicholika Upande

Mtaani walimwita Fundi Kesho, kwa sababu ukimpelekea kiatu atakutazama usoni akwambie, "Njoo kesho," na hiyo kesho ukija atakwambia vilevile bila haya. Hata asubuhi ya safari hii alijikuta amemaliza viatu vya watu wote isipokuwa vyake. Akavipaka gundi harakaharaka, akagonga kidogo, akavaa kabla havijakauka. Angemkuta fundi mwenzake anafanya hivyo, angemcheka mwaka mzima.

Kila mwaka yeye na mkewe walikuwa wakifunga kibanda cha kazi na kwenda kupanda milima, mabegi mgongoni, wakilala pale penye bei ya chini kabisa. Mke ndiye aliyependa mambo hayo. Ndiye aliyewabembeleza madereva wa malori, akawachekesha mpaka wakasahau habari ya nauli. Mwaka huu hayupo. Walimzika kabla mvua hazijaanza. Tangu siku ile mumewe hajatoa chozi, na majirani wakasema ana roho ngumu. Wapi! Alikuwa hasikii kitu tu, kama mguu uliokufa ganzi. Ndani ya begi alibeba viatu vya marehemu, akaviweke kwenye nyumba ya wapandaji kule juu, ambako kuna rafu ya viatu vilivyostaafu. Alitaka hilo tu. Akishaviacha pale, alijiambia, mambo yatakuwa yamekwisha.

Safari ikamwendea kombo mapema. Alipanda lori juu ya magunia ya viazi, mvua ikampiga njia nzima. Alipoanza kupanda kwa miguu, blanketi lilikuwa limelowa na mkate umegeuka uji. Akaula hivyohivyo. Hata kukasirika hakukasirika.

Kwenye mteremko wa mawe, soli ya kushoto ikaachama, hatua chache baadaye ikabanduka yote. Akaiokota, akaitazama, ilikuwa imepasuka katikati.

"Kazi yangu hiyo," alisema, kama mtu anayesoma tangazo.

Akajaribu kiatu cha mkewe. Mguu ukaingia nusu, ukakwama. Ukungu ulikuwa unashuka, na nyumba ya wapandaji ilikuwa ng'ambo ya mgongo wa mlima. Peku asingevuka mawe yale, na kulala nje na nguo mbichi ni kufa. Alilijua hilo vizuri, wala halikumtisha. Alifikiria kukaa tu.

Ila mikono yake ilikuwa na mazoea yake. Ikatoa kisu na sindano nene ya kushonea viatu. Kilichobaki ni kuibandua soli ya kiatu cha mkewe aishone kwenye kiatu chake.

Kisu kikasita. Kisigino cha soli ile kilikuwa kimelika upande wa nje, maana mkewe alitembea akiegemea huko. Kila alipotaka kukisawazisha, mkewe alimkataza: "Niachie mwendo wangu, baba. Kanyooshe wa wateja wako."

"Nisamehe, mama," akasema, akakata.

Alishona huku vidole vimekufa kwa baridi, akasimama, akaondoka. Hakufika mbali akahisi kitu. Kisigino kilikuwa kimelika, kwa hiyo mguu wake ulilala nje; mguu ukilala, nyonga inafuata, na bega nalo linashuka kidogo. Fundi aliujua mwendo huo. Alikuwa ameufuata nyuma milima mingi, akilalamika kwamba anaachwa. Sasa ulikuwa ndani ya mwili wake. Akaongeza hatua, hajui kwa nini anakimbilia mbele.

Alipofika giza lilikuwa linaingia. Mwangalizi wa nyumba, mama mmoja mwenye koti zito, alikuwa mlangoni na komeo mkononi.

"Pole, mzee wangu. Umeteguka?"

"Hapana, mama."

"Mbona unatembea upande?"

Fundi Kesho akakitazama kiatu chake.

"Hivi ndivyo anavyotembea mke wangu."

Yule mama akachungulia nje, kwenye ukungu.

"Kumbe mko wawili? Yuko nyuma? Basi nisifunge, tumsubiri."

Fundi akafungua kinywa amjibu, kilio kikatangulia.