Vidole Viwili vya Kitambaa

Katika kila nguo anayoshona, fundi wetu wa hapa mtaa wa Tena huacha vidole viwili vya kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Wateja humtania, "Fundi, unaniombea ninenepe?" Naye, pini mdomoni, hujibu, "Nakuombea uishi." Anapofikiri, mkono wake wa kulia hupapasa utosi, pale ambapo nywele hazijaota vizuri tangu alipotibiwa saratani ya damu akiwa na miaka sita, kwa dawa na mionzi ya kichwa. Mwaka huu mkono huohuo ulianza kuangusha makasi. Kliniki moja ilimpa dawa za maumivu, ya pili ikamwambia apumzike. Nilimsindikiza hospitali kubwa, na huko akatoa kadi yake ya matibabu ya utotoni, ambayo mamake aliihifadhi ndani ya leso kwa miaka thelathini. Daktari aliisoma, akaagiza picha ya ubongo siku hiyohiyo. Ni uvimbe, akasema, na huenda umeletwa na ile mionzi, ila umeonekana mapema. Nikaanza kuilaani hiyo mionzi, lakini fundi alikuwa akiifunga kadi polepole ndani ya leso. "Usiitukane, Mama Kathini. Ndiyo iliyonifikisha hapa."

Leo asubuhi anapasuliwa. Jana alinikabidhi rinda langu, nami nilipoligeuza nikakuta vidole vitatu vya kitambaa badala ya viwili. Nikamuuliza kama alikosea kupima.

"Sijakosea," akasema. "Wewe kula vizuri. Nikirudi nitaanza na hilo, nilipanue."