Wastaafu Wawili Ndani ya Haisi

Wazazi wangu walipokuwa wanajiandaa kuja kunitembelea Doha, Mama alinipigia simu kutoka Morogoro akiwa amejifungia jikoni. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wakitoka kwangu hatarudi nyumbani na Baba. Wakishuka Dar yeye atapanda basi la Tanga, akakae kwa dada yake. Nilimuuliza hadi lini, akasema hajui.

Baba alikuwa dereva wa treni za mizigo, Mama mwalimu wa shule ya msingi. Maisha yao yote ya ndoa mmoja alikuwa njiani na mwingine nyumbani, na walipatana vizuri tu. Wote wawili walipostaafu wakajikuta ndani ya nyumba moja kutwa nzima. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nafanya kazi mapokezi, kwenye hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, na kila nikitoka chumbani kwangu nashuka ngazi, napanda tena kusukuma kitasa nihakikishe nimefunga, nashuka, napanda. Achieng', muuguzi Mkenya ninayeishi naye, ananiita askari wa kitasa. Mtu wa namna hii akisikia wazazi wake wanaachana hawezi kutulia, lazima apange kitu. Nikapanga safari ya kaskazini kuona mahali pa kale. Historia ya Qatar nimejifundisha mwenyewe kwenye simu, mapokezi yakiwa hayana wageni, na niliandaa maelezo ya kila kituo kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Hesabu yangu ya siri ilikuwa kwamba wakilala ndani ya gari moja hawatapata pa kununiana.

Ijumaa asubuhi tulilichukua gari Sanaiya, eneo la magereji na makambi ya wafanyakazi. Fundi mmoja kutoka Sri Lanka ameigeuza haisi kuukuu kuwa nyumba. Ina kitanda nyuma, jiko la gesi, meza ya kukunja na tangi la maji, na mimi ningelala kwenye hema dogo kando yake. Baba alizipiga tairi kwa ncha ya kiatu, akafungua kila kabati, akatamka kwamba ni pazuri kuliko vyumba vyote vya mapumziko alivyowahi kulala kazini.

"Basi lala wewe," Mama akasema.

Niliendesha mimi kwa kuwa nina leseni ya hapa. Baba alikaa mbele, Mama nyuma. Hatujafika mbali Baba akasema, "Kipilefti mbele," kisha akanigeukia. Nilikuwa nimekwisha kuiona. Mbele kidogo akasema, "Taa nyekundu," akanigeukia tena, akabaki ananitazama. Nilijua anaona siwezi kuendesha. Mama akamwambia aniache, mtoto ana macho. Baba akashusha sauti lakini hakuacha.

Tuliswali Ijumaa Al Khor, tukanunua samaki, tukaendelea hadi Jassasiya. Huko kuna miamba myeupe karibu na bahari, imechongwa mashimo madogo yaliyopangwa mistari miwili miwili, na hakuna ajuaye kwa hakika ni ya lini. Nilianza maelezo yangu. Mama alikuwa amekwisha kuchuchumaa, anatia kidole kwenye shimo moja baada ya jingine.

"Hili bao," akasema.

Baba akasema bao gani halina nyumba, lile shimo kubwa la mraba. Mama akamuuliza kwani dunia nzima icheze kama wanavyocheza kwao. Wakabishana hadi jua likawachosha, na maelezo yangu niliyoyarudia wiki nzima nikamalizia kuuambia upepo.

Jioni tulifika Jumail, kijiji cha wavuvi kilichohamwa zamani. Kuta zimebaki nusu nusu, na mnara wa msikiti bado umesimama. Tuliegesha mbali kidogo, panaporuhusiwa kupiga kambi. Mama alipika wali na samaki. Tulipokwisha kula, Baba akainama kwenye mtungi, akazungusha kifungio, akasema, "Gesi imefungwa." Kisha akasimama pale pale, anamtazama Mama.

"Nimesikia. Unataka nikuapie?" Mama akasema, akachukua mkeka, akatoka nje.

Nikamfuata. Aliniambia kwamba nyumbani ni hivyo kila siku. Baba anasimama kwenye mlango wa jikoni, anasema mlango umefungwa, halafu anabaki kumkodolea macho kama anayengoja mwizi akiri. Mama alilea watoto peke yake miaka yote hiyo na hakuacha mlango wazi hata siku moja. Sasa ameletewa mkaguzi. Nililala nikifikiria basi la Tanga.

Asubuhi tukaelekea Zubara, penye ngome ya kale, na ukungu ukatukuta barabarani. Ukungu wa huku unashuka mzito wakati wa baridi. Niliona mstari mweupe wa barabara na kipande kidogo cha lami, basi. Nikaung'ang'ania usukani. Nilitaka kusimama lakini niliogopa kugongwa kwa nyuma.

"Zuhura," Baba akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Punguza mwendo. Nikikwambia kitu, kirudie."

"Kwa nini?"

"Usiporudia, nitajuaje kama umekiona?"

Akaanza. Lori kulia. Nikasema lori kulia. Taa za nyuma mbele. Taa za nyuma mbele. Kona kushoto. Kona kushoto. Sijui niseme vipi, lakini kila nilipotamka, mikono ililegea kidogo, kama vile nusu ya barabara ilikuwa imebebwa na mtu mwingine. Tulikwenda hivyo hadi ukungu ulipoanza kuwa mwepesi.

Ndipo Mama akauliza kutoka nyuma kama ndivyo walivyofanya kwenye treni. Baba akaeleza kwamba dereva na msaidizi wake hutazama ishara wote wawili. Mmoja anaitaja, mwenzake anairudia. Mwenzako akinyamaza huendelei, kwa sababu huenda hajaiona, au wewe umeona kisichokuwapo.

Mama akasogea hadi nyuma ya kiti cha Baba. Kisha akasema, "Kwa hiyo ule mlango wa jikoni."

"Nilikuwa nangoja useme."

"Niseme nini, Baba Zuhura?"

"Umefungwa."

"Tangu umestaafu unaningoja niwe msaidizi wako wa treni?"

Nilidhani Mama atacheka, lakini alipozungumza tena sauti yake haikuwa na utani. "Mimi nilikuwa nafunga milango na watoto wamelala ndani. Nani alikuwa akirudia nikisema imefungwa?"

Nilitazama barabara. Baba pia alitazama barabara, na hakutaja chochote tena hadi tulipoegesha.

Ngome ya Zubara imesimama peke yake kwenye uwanda, minara mitatu ya mviringo na mmoja wa pembe. Mlinzi alikuwa kijana wa Kakamega, Kenya. Alitukaribisha, akasema na huo ukungu hakutarajia kuona mtu, labda ngamia. Alimwambia Baba, "Mzee, panda juu uone bahari, mama tutamwekea kiti." Mama akamjibu kwamba kiti ampe mzee. Walipanda ngazi wote wawili. Mimi nilibaki chini na maelezo yangu, na kwa mara ya kwanza sikuwafuata nayo.

Waliposhuka tulikula kwenye haisi. Mama alionja mchuzi, akaweka kijiko chini, akasema, "Chumvi imetosha." Akamtazama Baba. Akaendelea kumtazama.

Baba alichelewa kuelewa. "Chumvi imetosha," akasema.

Mama akapakua.

Tulirudi Doha jioni, Mama amekaa mbele. Hakuna aliyeitaja Tanga, siku ile wala zilizofuata, na mimi, ambaye huuliza kila kitu mara tatu, niliogopa kuuliza.

Siku ya kuondoka nilikuwa nao uwanja wa ndege, nakagua mikanda ya mabegi ambayo nilikwisha kuikagua. Mama alifunga mkoba wake, akamgeukia Baba.

"Tukishuka Dar, treni ya Morogoro."

Baba aliweka begi chini kwanza. "Treni ya Morogoro," akasema.

Wakaenda kwenye foleni. Nilisimama pale hadi watu wakaanza kunipita pembeni.

Nilidhani safari ile niliipanga vizuri. Kilichosaidia ni ukungu, ambao sikuupanga na ningejua utakuja ningeahirisha. Asubuhi iliyofuata nikienda kazini, nilifunga mlango, nikasimama. Achieng' alikuwa anarudi zamu ya usiku, yuko kwenye ngazi.

"Mlango umefungwa," nikamwambia, nikabaki namtazama.

"Umefungwa, askari. Enda job."

Nikashuka. Sikupanda tena.