Mkate wa Dympna na Vidonge vya Attracta

Kwa mkate wa magadi, Dympna Ruane hakuwa na mpinzani katika parokia nzima, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukwambia. Kila Misa ya mtaa ilipopokewa nyumbani kwa mtu, padri na majirani wakishamaliza sala wakageukia chai, sahani yake ndiyo iliyotangulia kwisha. Mtu mmoja tu hakuigusa: mdogo wake Attracta, mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye hata chembe ya ngano humjeruhi utumbo. Attracta alikuja na kopo lake la mkate wa mchele. Kopo lile lilimchoma Dympna roho kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi alipomwona kwenye simu mwanamke mmoja akiapa kwamba vidonge vyake vya mimea husaga ngano kabla haijafika utumboni, aliagiza papo hapo. Hakumuuliza daktari wala mfamasia. Alitaka kuamini, akaamini.

Zamu ya Misa ilipofika nyumbani kwake, alimwekea Attracta chupa ya vidonge mbele ya wageni.

"Meza viwili, halafu ujilie zako."

"Dada, daktari alisema ngano ni mwiko maisha yangu yote."

"Daktari wako ameshakula mkate wangu? Hayo ni majani tu, yatakufanya nini?"

Watu wakaangua kicheko. Attracta akameza vidonge, akachukua kipande, akakipaka siagi. Dympna nusura alie kwa furaha. Tangu hapo kila Jumapili akawa anampelekea mkate wa moto.

Miezi kadhaa baadaye, kabla ya Pasaka, Attracta aliinua birika la chai, kifundo cha mkono kikavunjika. Hospitali wakampima: utumbo umechubuka upya, chakula kinapita bila kumfaa, mifupa imedhoofika. Daktari akasema hakuna kidonge kinachomruhusu mtu wa siliaki kula ngano. Dawa ni kuiacha kabisa. Dympna alisikiliza akiwa ameketi pembeni, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Garini alishindwa kuwasha injini.

"Ni mimi, Attracta. Mimi ndiye niliyekuvunja mkono. Mkate wangu na kiherehere changu."

"Tumbo lilianza kuniuma wiki ileile ya kwanza," Attracta alisema taratibu.

"Mungu wangu! Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini, dada? Nilivyonyoosha mkono kwenye sahani yako, ulifurahi. Sikuwa nimekuona na uso ule tangu tumzike mama."

Dympna alitaka kuushika mkono uliofungwa plasta, lakini asubuhi ile alikuwa ametoka kukanda, na unga ulikuwa bado chini ya kucha zake. Akautia mkono wake mfukoni.