Mti Asioutaja Mukarugwiza

Tangu aolewe, Mukarugwiza hakuwahi kutamka jina la baba mkwe wake, kama ilivyo mila ya wanawake wa kwao. Shida ni kwamba mzee anaitwa Muyove, na muyove ndio mti mkubwa kuliko yote penye daraja la kamba linaloning'inia juu ya msitu wa Nyungwe, ambako Mukarugwiza ni mwongozaji wa wageni.

Siku hiyo, miongoni mwa wageni wanane alikuwemo mkaguzi aliyekuja kumpima kwa ajili ya cheo cha kiongozi wa zamu. Walipofika katikati ya daraja, mkaguzi alishika kamba kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaunyooshea ule mti kalamu.

"Dada, huu unaitwaje?"

"Ndio huo tunaochongea mitumbwi ya kukamulia pombe ya ndizi."

"Nimekuuliza jina."

"Jina lake analo baba wa mume wangu."

Mama mmoja kutoka Butare alicheka mpaka daraja likatikisika. "Mpe alama zake, baba. Huyo kafundwa akafundika."

"Kwani mkweo yuko hapa?" mkaguzi akauliza.

"Yuko nyumbani na ng'ombe wake."

"Basi ninong'oneze. Hatasikia."

"Mimi nitasikia," alisema Mukarugwiza huku akitabasamu, akaendelea kuwavusha wageni.

Heshima inayongoja mwenyewe awepo si heshima. Cheo alipewa mwingine, naye akabaki mwongozaji wa kawaida kwa miaka mitatu zaidi.