Kasisi wa Dadu

Miaka kumi na miwili Zablon Wamalwa alingoja kuwekewa mikono awe kasisi, na kila mwaka kamati ya kanisa lake pale Langas ilimwambia subira huvuta heri. Aliivuta kweli, ila heri yenyewe ilikuwa ikiwaangukia wengine.

Siku za kazi alikuwa karani wa stoo katika chuo kimoja nje ya Eldoret. Huko, mwaka wa tisini, mwanafunzi aitwaye Githinji alimwalika kwenye mchezo wa ajabu: watu wanakaa mezani, wanarusha dadu, wanajifanya mashujaa wa hadithi wanaopigana na majoka. Mwanafunzi mwenzake, Opiyo, alikuwa shujaa wa upanga. Walikosa mtu wa Mungu wa kuwaponya majeraha. Githinji akachukua karatasi, akaandika: "Kasisi Wamalwa. Binadamu. Daraja la kwanza." Ilikuwa kazi ya dakika tano, bila kamati wala chai ya kamati.

Wamalwa hakufanya mzaha. Alikuja na tai. Kabla ya kuponya mtu aliwaamuru wote wafumbe macho, na joka lilingoja mpaka aseme amina. Siku hizo watu wanne wakikaa pamoja, wa tano huuliza kibali cha mkutano kiko wapi. Lakini bawabu alipochungulia akaona vichwa vimeinama, alienda zake.

Jumamosi moja mkewe, Nasike, akifua suruali, aliikuta ile karatasi mfukoni. Alisoma maneno mawili ya kwanza tu. Vigelegele alivyopiga vilisikika ploti nzima, na kufikia jioni akina mama wa kanisa walikuwa wakimwita Mama Kasisi.

Jumapili kamati, ikiwa imeisoma karatasi mpaka mwisho, ikamkalisha Wamalwa chini.

"Jina lako lilikuwa limepita, haki ya Mungu," alisema mwenyekiti, Mzee Kimeli. "Mwezi wa nane ungewekewa mikono. Sasa hii ni nini? Rarua hii karatasi mbele yetu, hii maneno iishe."

Wamalwa aliishika. Aliutaka ukasisi mpaka kifua kikamuuma. Lakini Ijumaa walikuwa wamemwacha Opiyo pangoni, joka limempasua tumbo, na wa kumponya alikuwa yeye peke yake.

"Mzee, nipeeni mpaka kesho. Kuna mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Hamumjui."

Wakalifuta jina lake. Nasike alilia njia nzima mpaka nyumbani.

Jumatatu chuo kilifungwa kwa sababu ya mgomo, wanafunzi wakapewa saa moja waondoke. Wamalwa alikimbia hadi getini, akapenya katikati ya askari wenye rungu, akampata Opiyo amejitwika godoro.

"Weka hiyo godoro chini," alisema, akipiga magoti kwenye tope.

"Saa hii, Mzee? Na hawa makarau?"

"Weka."

Akairusha dadu juu ya godoro; ikabingirika, ikasimama kwenye sita.

"Umepona," Wamalwa alimwambia, neno ambalo tangu azaliwe hakuwahi kumwambia mtu nje ya meza ile.