Fumbo la Mashamba Manne

Mwalimu Ditram alikuwa amechoka, na si uchovu wa jembe. Uchovu wa jembe unalala nao, asubuhi umeondoka. Yeye alichoshwa na kusikiliza watu. Miaka thelathini na minne alifundisha hesabu shule ya msingi, akastaafu akijua sasa atakaa kibarazani kwake afuge kuku wake kwa amani. Wapi! Mkutano wa kijiji ukamchagua kuwa katibu wa baraza la ardhi, kwa sababu eti ana mwandiko mzuri. Mwandiko mzuri, jamani, ndio uliomponza.

Kijiji chao kiko upande wa Rudewa, kwenye ardhi iliyokuwa ya mkonge. Mkonge ulipokufa, kiwanda kikabaki kuta tupu, na mashamba wakayashika watu wa aina mbili: wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge, kama Ditram mwenyewe, na wenyeji wa bondeni ambao wazee wao walikuwepo kabla mkonge haujajulikana. Kila Alhamisi watu hao wanakuja ofisini kugombana. Huyu kasogeza mpaka, yule kang'oa mti wa alama, mwingine kakuta ng'ombe wamemaliza mahindi. Wanalia, Ditram anaandika. Wanatukanana, Ditram anaruka matusi na kuandika yaliyobaki.

"Ukirudi Alhamisi huna hata salamu," mkewe Editha alikuwa akimwambia. "Nitakuwa naolewa Ijumaa mpaka Jumatano tu."

Dawa aliletewa na binti yao Loveth, anayefanya kazi Morogoro. Alimtumia kwenye simu ukurasa wa mtandaoni wa kutunga mafumbo ya jedwali. Unaandika majina ya watu, tuseme wanne. Unaandika vitu vyao, tuseme vyakula vinne na siku nne. Halafu unaandika vidokezo. Fulani hakula ugali. Aliyekula wali alikula siku moja kabla ya fulani. Mchezaji anajaza visanduku, kosa hapa, vema pale, mpaka kila mtu anapata chakula chake na siku yake. Na ukimaliza kutunga, unabonyeza kitufe, ukurasa wenyewe unapima vidokezo vyako na kukwambia kama fumbo lina jibu moja, au lina mengi, au halina kabisa.

Mwalimu alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Kwenye jedwali hakuna anayelia. Hakuna anayeapa kwa kaburi la mama yake. Kidokezo kikisema hapana ni hapana, wala hakirudi wiki ijayo na shahidi mwingine. Kila Ijumaa alitunga fumbo moja na kulituma kwenye kundi la wasapu la walimu wastaafu, na mwenzake Aneth wa Malolo ndiye aliyekuwa akilifumbua wa kwanza, kisha anaandika, "Leo umetuonea huruma, mwalimu. Rahisi mno." Siku hiyo Ditram anatembea kifua mbele kijiji kizima.

Ijumaa moja kichwa kilikuwa kitupu. Alishatunga ya matunda, ya wachezaji wa mpira, ya vituo vya treni kuanzia Morogoro hadi Kilosa. Akavuta faili la zamani la mihutasari ya baraza, akafungua popote, akakutana na kesi ya miaka mitatu nyuma. Mashamba manne yaliyopangana mstari mmoja kutoka kiwandani mpaka mtoni. Watu wanne, mazao manne. Akacheka peke yake. Kumbe fumbo lilikuwa limelala kabatini! Majina atayabadilisha baadaye.

Kesi yenyewe aliikumbuka. Yusrah, mwenyeji wa bondeni, alimuuguza mama yake hospitali misimu miwili. Aliporudi, alikuta jirani yake Deogratias analima shamba la mpunga alilosema ni lake. Deogratias akasema, la, hili ni langu, la Yusrah ni hilo linalofuata huku juu, lenye mihogo. Huko juu ni changarawe na visiki vya mkonge, hata mihogo yenyewe inaota kwa kulalamika. Baraza likamwita shahidi wa Yusrah, mzee Ashrafu, baba yake mdogo, aliyefyeka pori lile pamoja na marehemu baba wa Yusrah. Yusrah akatolewa nje, mzee akasema shamba la Yusrah ni la pili. Mzee alipotoka, wajumbe saba wakahesabu: la kwanza la Samweli, kiwandani; la pili lenye visiki; la tatu la mpunga; la nne la Magreti, mtoni. Basi la Yusrah ni lenye visiki, na shahidi ni wake mwenyewe, atamlaumu nani? Yusrah alilia sana siku ile, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya muafaka, akaondoka. Mwaka uliofuata mzee Ashrafu akafariki.

Ditram akaanza kuandika vidokezo, neno kwa neno kama ilivyo kwenye mihutasari yake. Shamba la Samweli linagusa ukuta wa kiwanda. Shamba la Magreti linaishia mtoni. Shamba la Yusrah ni la pili. Shamba la Yusrah limepakana na shamba la Magreti. Akaongeza vya mazao, akabonyeza kitufe.

Maandishi mekundu. Fumbo halina jibu.

"Nimekosea mahali," akasema, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akasoma tena. Akabonyeza tena, mekundu yaleyale. Basi akachukua penseli na karatasi kama alivyowafundisha watoto wa watu, akachora mashamba manne mstari mmoja, akaona bila simu. Magreti yuko mwisho, mtoni, la nne. Anayepakana na la nne ni la tatu tu. Yusrah hawezi kuwa wa pili na bado apakane na Magreti.

Akarudi kwenye faili. Ukurasa wa kwanza, maneno ya mzee Ashrafu: la pili. Ukurasa wa tatu, maneno ya mzee huyohuyo: amepakana na Magreti, wamechimba mfereji mmoja. Yote mawili kwa mwandiko wake mzuri, na katikati ukurasa mzima wa mabishano. Hakuna mjumbe aliyeyaunganisha. Yeye, mwalimu wa hesabu, hakuyaunganisha.

Mzee alidanganya? Ashrafu, mtu ambaye akiokota kuku wa jirani anamrudisha na yai lake? Haikumwingia akilini.

Editha alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Yeye ni wa bondeni, kwao na kwa kina Yusrah ni ukoo wa karibu. Ditram akasimama mlangoni.

"Mama Loveth, nikikwambia shamba la pili pale kiwandani, unaelewa ni lipi?"

"Si lile la mpunga," alijibu bila kuinua kichwa. "Juu ya Magreti."

"Hilo ni la tatu."

"La tatu kwa nani?" Sasa akainua kichwa. "Wewe unahesabia wapi?"

"Kiwandani."

Editha akacheka. "Kiwandani! Kiwanda kimekuja jana. Mashamba yanaanzia mtoni, ndiko watu walikoanza kufyeka. Huko kwenu ndiko mlikokuwa mnaitwa majina asubuhi kwenda kukata mkonge, basi kila kitu mnaanzia huko. Miaka yote hii nimekaa na mtu anayehesabu kinyumenyume."

Aliendelea kucheka kidogo, halafu akaona uso wa mumewe, akaweka ungo chini.

 Ditram akakaa kwenye kizingiti. Wajumbe saba wa baraza, wote siku ile walikuwa watoto wa kiwandani, hata mwenyekiti. Saba walisikia "la pili" na kuhesabu kwa njia moja, na hakuna aliyemuuliza mzee, la pili kutokea wapi? Walitakiwa waende shambani, utaratibu ndivyo ulivyo. Lakini ilikuwa masika, tope jeusi lilifika magotini, na Ditram mwenyewe, alikumbuka vizuri mno, ndiye aliyesema, "Jamani tumechoka, maelezo yanatosha."

Alirudi kwenye simu. Akageuza namba: mtoni moja, kiwandani nne. Akabonyeza. Rangi ya kijani, jibu moja tu, na vema ya Yusrah ikakaa kwenye mpunga. Hakulituma fumbo lile. Aneth aliandika jioni kuuliza leo vipi, hakumjibu.

Jumatatu alipanda basi kwenda Mikumi, maana ndiko Yusrah alikohamia. Shamba la visiki lilimshinda msimu mmoja tu. Alimkuta pembeni ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Iringa yanapopumzika, anachoma mahindi. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Ndo hivyo, moshi tu. Umepotea njia?"

Ditram alikuwa amejipangia maneno tangu Kilosa, yote yakamruka. Akakaa kwenye kreti la soda na kusema moja kwa moja. Tulikosea. Mzee Ashrafu alisema kweli, alihesabu kutoka mtoni kama mnavyohesabu ninyi, sisi tukahesabu kutoka kiwandani. Shamba la mpunga ni lako. Nimeandika barua ya kukiri kosa, mwenyekiti amekubali kesi isikilizwe upya Alhamisi. Akatoa simu, akamwonyesha jedwali, visanduku, vema na makosa. Alieleza kama yuko darasani kwa sababu hakujua aeleze vipi vingine.

Yusrah aliangalia simu muda mrefu, mahindi yakaanza kuungua upande mmoja. Akayageuza.

"Deogratias alijua," akasema.

"Alijua. Yeye alijua tangu mwanzo."

"Na mimi siku ile nilisema tumechimba mfereji mmoja na mama Magreti. Mzee naye lazima alisema. Uliandika?"

Ditram akazima simu. Angeweza kusema hakusikia. Ni nani angefungua faili?

"Niliandika," akasema.

"Uliandika."

"Ukurasa wa tatu."

Lori likapita, vumbi likawafunika wote wawili, na hakuna aliyejifuta. Yusrah hakupiga kelele. Ditram angependa apige, amtukane, aondoke zake akiwa ametukanwa; lakini mwanamke huyu alikuwa amechoka kuliko yeye, na sasa aliona kwamba uchovu wake wa kila Alhamisi alikuwa akiwatwisha watu wengine waondoke nao.

"Mzee alikufa anaumia," Yusrah akasema. "Sikumsalimia mwaka mzima. Mliniambia shahidi wangu mwenyewe kanipa la visiki, nikadhani amehongwa na Deogratias. Alinitumia watu, nikawarudisha. Hata kumzika sikwenda."

Kesi ya shamba ina barua na kikao. Hili lilikuwa halina ofisi. Ditram akabaki ameinamisha kichwa, mikono magotini, kama mtoto aliyekosa hesabu ubaoni.

"Nisamehe," akasema hatimaye.

Yusrah akachukua hindi moja, akalifunga kwenye ganda lake, akampa. Aliangalia barabarani.

"Alhamisi nitakuja," akasema. "Lakini ofisini kwenu siingii. Mtanikuta shambani, wote saba, hata kama mvua inanyesha. Na kabla ya shamba tutapita kwa mzee, kaburini, nimsalimie. Wewe utasimama hapo."

"Nitasimama."

"Halafu utahesabu wewe, kwa mdomo wako, watu wote wasikie."

"Nitahesabu," Ditram akasema. "Nitaanzia mtoni."