Blanketi Tatu za Mama Mkubwa

Siku hiyo mji ulikuwa umefungwa. Vijana walikuwa wameweka mawe barabarani, na hospitali, ambayo siku nyingine ni mwendo wa robo saa, ilikuwa mbali kama Ulaya. Sisi huku mtaani Buyenzi tulijifungia ndani, godoro tumelisimamisha dirishani lizuie risasi. Lilizuia upepo vizuri zaidi. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, jua likawaka juu ya tope, chumba kikawa sufuria yenye kifuniko. Nilihesabu watu: saba. Nikahesabu tena, labda mmoja ameyeyuka. Saba.

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyeacha kulalamika wa kwanza. Hilo peke yake lingetosha kututia hofu. Kisha akaanza kuniita kwa jina la marehemu mumewe, akauliza kama nimenunua samaki. Nikamgusa paji la uso: moto, tena kavu kama karatasi. Sisi wote tunachuruzika jasho, yeye hana hata tone.

"Malaria hiyo," mama akasema.

Kwetu kila joto la mwili ni malaria, na dawa ya kwanza ni blanketi, jasho litoke. Akamfunika tatu.

Nilijua anakosea. Lakini mimi sikuzoea kutaja ninachotaka, nilizoea kupatana, kama bei sokoni.

"Mama, punguza. Zibaki mbili."

"We umekuwa daktari tangu lini?"

"Mbili, na godoro tulishushe kidogo."

"Apana! Godoro inabaki. Risasi haiombe ruhusa."

"Basi godoro libaki, blanketi iwe moja."

Tulipofika kwenye moja, mama mkubwa alianza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Hapo ndipo nilipompigia kelele jirani yetu nesi, ng'ambo ya ukuta, nikamweleza yote.

"Mumemufunika na joto hii? Mumuvue! Mumumwagie maji, mumupepee, mbio!"

Tukang'oa godoro. Tukammwagia maji yote ya ndani, tukampepea kwa sinia mpaka mikono ikafa ganzi. Alikata roho kabla ya adhana ya alasiri.

Baadaye, akikunja zile blanketi tatu, mama aliniuliza, "We ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini ulisema mbili?"

Nikamwambia ukweli: nilianza na mbili ili tufike kwenye sifuri.

Akaendelea kuzikunja, pembe kwa pembe.